Kujiandaa Ukiwa Chuoni Kufundisha Darasa la Awali Lenye Watoto wa Mahitaji Maalumu

Mwanachuo anayesomea elimu ya awali hutoka chuoni kwenda mazoezi ya kufundisha akiwa na daftari nene la nadharia. Darasani anakuta watoto sitini: mmoja haitiki akiitwa, mwingine hakai kitini dakika mbili, wa tatu ana ualbino na amekalishwa mahali jua linapompiga usoni. Nadharia zina kazi yake, lakini kinachomsaidia asubuhi ile ya kwanza ni kazi aliyokwisha kuifanya kwa mikono yake kabla hajaondoka chuoni. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo. Umefuata hali ya Tanzania Bara, ingawa mwanachuo wa Zanzibar au Kenya atakuta mengi yanamfaa.

Tunasisitiza jambo moja tangu mwanzo: somo huandaliwa kwanza kwa mtoto ambaye lingemshinda, kisha huongezewa uzito kwa wengine. Wanachuo wengi hufanya kinyume. Huandaa somo la watoto wanaoona, wanaosikia na wanaotulia, halafu dakika ya mwisho huongeza sentensi moja chini ya andalio: "mwenye mahitaji maalumu atasaidiwa." Hatasaidiwa, kwa sababu hakuna aliyefikiria atasaidiwa kwa kitu gani. Maria Montessori alizitumia zana zake kwanza kwa watoto wenye ulemavu wa akili mjini Rome, akiendeleza kazi ya madaktari wa Kifaransa Itard na Séguin. Mwaka 1907 ndipo alipozipeleka kwa watoto wengine katika mtaa wa San Lorenzo, na zikawafaa. Vitu vya kushika, kupanga na kujisahihisha, ambavyo asili yake ni mtoto anayejifunza polepole, ndivyo vinavyotumika hadi leo katika shule za Montessori, zikiwamo za hapa nchini.

Mtaala, kisha mtoto mmoja

Soma mtaala wenyewe, usitegemee muhtasari wa rafiki. Mtaala wa Elimu ya Awali wa mwaka 2016 ulijengwa juu ya umahiri sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii, na kumudu stadi za awali za kihisabati. Mitaala imeendelea kuboreshwa baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 kutolewa upya mwaka 2023, kwa hiyo hakikisha nakala uliyo nayo ndiyo inayotumika katika shule utakayopangiwa. Uwiano uliowekwa wa mwalimu mmoja kwa watoto 25 uujue, ila jiandae kwa darasa kubwa zaidi, kwa kuwa madarasa mengi ya shule za umma huuvuka kwa mbali. Soma pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzake, na mwalimu anayeijua hatikisiki akiambiwa "huyu apelekwe shule yao."

Baada ya hapo nenda shule ya mazoezi iliyo karibu na chuo, omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, uchague mtoto mmoja wa kumtazama. Dakika 10 kwa siku, siku tano mfululizo, zinatosha kwa kuanzia. Gawa ukurasa katika safu tatu: kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata. Andika unachokiona na kukisikia tu. "Ni mkorofi" ni hukumu. "Mwalimu alipofuta ubao alisimama, akaenda dirishani, akarudishwa kwa kushikwa mkono" ni taarifa. Ukipata taarifa ishirini za namna hiyo utaanza kuona mpangilio. Pengine mtoto huondoka kila mara darasa linapongoja bila kazi, na kumbe tatizo lilikuwa ule muda mtupu.

Makosa mawili hujitokeza hapa. La kwanza ni kuchagua mtoto mwenye ulemavu unaoonekana tu. Tazama pia yule mkimya wa nyuma, maana mtoto asiyesikia vizuri mara nyingi husifiwa kuwa na adabu. La pili ni kuandika jioni kutoka kichwani. Kumbukumbu hupamba, kwa hiyo andika palepale.

Zana: tengeneza mapema, tengeneza kubwa

Karatasi moja ya manila ukiikunja katikati mara nne, kisha ukaikata penye mikunjo, inatoa kadi 16 zinazolingana. Tumia kalamu nyeusi nene juu ya manila nyeupe au ya njano hafifu. Kadi nyekundu yenye maandishi ya bluu hupendeza machoni pa mkufunzi, lakini mtoto mwenye uoni hafifu haisomi. Kadi moja ibebe kitu kimoja: herufi moja, au picha moja isiyo na mapambo pembeni. Herufi za kuonesha darasa zima zisipungue urefu wa sentimita 5. Ipime kazi yako hivi: ibandike ukutani, rudi nyuma hadi mahali mtoto wa mwisho atakapokaa, uchuchumae ufikie kimo chake, utazame. Usiposoma bila kukaza macho, irudie.

Vya kuhesabia ni rahisi kupata, lakini vina hatari ambazo vitabu huzipita haraka. Maharage na punje za mahindi huishia puani na masikioni. Vizibo vya soda vina makali, navyo ni vidogo kiasi cha kumkaba mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni, jambo la kawaida kwa baadhi ya watoto wenye ulemavu wa akili hata wakifika miaka sita au saba. Kwa mtoto huyo tumia vitu visivyoingia mdomoni: magunzi ya mahindi, vifuniko vya ndoo za rangi vilivyooshwa vizuri, mifuko midogo ya kitambaa iliyojazwa mchanga na kushonwa mara mbili. Andaa seti za vitu kumi kumi, kila seti kwenye mfuko wake, na hesabu iandikwe juu ya mfuko. Bila hivyo, dakika sita za kipindi huisha ukigawa vitu mikononi.

Unga wa kufinyanga usikose, kwa sababu unaimarisha vidole vitakavyoshika penseli. Vipimo vyake: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, kijiko kikubwa 1 cha mafuta ya kula, na maji ya uvuguvugu karibu kikombe 1. Changanya vikavu kwanza, tia mafuta, kisha ongeza maji kidogo kidogo huku ukikanda hadi unga usinate mikononi. Maji yote ukiyamwaga kwa pamoja utapata uji. Ukinata, ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Uhifadhi kwenye kopo lenye mfuniko. Chumvi hufanya udumu siku kadhaa, lakini kwenye joto la pwani uutupe mara unapoanza kunuka. Waambie watoto wazi kwamba hauliwi, na umtazame anayeulamba, kwani chumvi yake ni nyingi.

Kwa mtoto asiyeona, tafuta trei ya mayai. Ikate upate kipande cha vishimo sita, safu mbili za vishimo vitatu vitatu. Hicho ni kielelezo kikubwa cha chumba kimoja cha nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Safu ya kushoto kutoka juu kwenda chini ni nukta ya 1, 2 na 3. Ya kulia ni 4, 5 na 6. Weka mawe laini au ndimu ndogo mahali pa nukta. Irabu zinakuwa hivi: a ni nukta 1, e ni 1 na 5, i ni 2 na 4, o ni 1, 3 na 5, u ni 1, 3 na 6. Jifunze nukta nundu ya herufi zote ukiwa bado chuoni. Ni kazi ya wiki chache kwa anayefanya kidogo kila siku. Ukianza kutumia bamba na kalamu yake, yaani vifaa vya kutoboa nukta kwa mkono, kumbuka mkono unaandika kutoka kulia kwenda kushoto na alama zinageuzwa, kwa sababu nukta hutokeza upande wa pili wa karatasi. Hapo ndipo wanaoanza hukwama: wanaandika e na wakigeuza karatasi wanasoma i.

Andalio la somo la dakika 20

Kipindi cha awali ni kifupi, dakika 20, na ufupi huo huwashangaza wanachuo wanaofanya mazoezi mbele ya wenzao watu wazima. Tuchukue somo la kuhesabu vitu 1 hadi 5. Mgawanyo unaofanya kazi ni huu: utangulizi dakika 3, maarifa mapya 6, kuimarisha 7, tafakuri 2, hitimisho 2. Angalia kwamba sehemu ya watoto kufanya wenyewe ndiyo ndefu kuliko zote. Andalio ambalo maarifa mapya yamepewa dakika 12 ni hotuba, na kwa mtoto wa miaka mitano hotuba ikivuka dakika tano mwili wake utaondoka hata kama umemkataza.

Katika kila hatua, ukishaandika kazi ya mwalimu na kazi ya mtoto, jiulize maswali manne kabla ya kusonga mbele. Asiyesikia atajuaje la kufanya? Asiyeona atashika nini? Anayejifunza polepole atafanya sehemu ipi ya kazi hii hii? Aliyemaliza mapema atafanya nini? Majibu yaandike ndani ya hatua yenyewe. Kwa somo letu yanaweza kuwa: mwalimu anaonesha vidole pamoja na kutamka idadi, vitu viko kwenye sahani yenye ukingo ili vidole visivipoteze mezani, mtoto wa polepole anahesabu 1 na 2 kwa vitu vilevile vya wenzake, aliyemaliza anatafuta darasani vitu vitano vinavyofanana. Wote wako kwenye somo moja. Kumpa mtoto mmoja mwanasesere akae naye pembeni wenzake wakihesabu ni kumtoa darasani huku bado amekaa ndani yake.

Upimaji nao uupange. Swali la "mmeelewa?" lifute kabisa kwenye kinywa chako. Darasa zima litaitika "ndiyooo," na mtoto kiziwi ataitika pia kwa sababu ameona midomo ya wenzake inafunguka. Sema badala yake, "Nioneshe tatu," na watoto wanyanyue vidole au vitu. Kwa kutupa macho mara moja utajua nani amekwama. Ukimuuliza mtoto mmoja, hesabu moyoni hadi tano kabla ya kusema tena. Kwa mwenye mtindio wa ubongo anayehangaika kutoa sauti, hesabu hadi kumi na usimmalizie neno. Kimya hicho ni kigumu kukivumilia mwanzoni. Kifanyie mazoezi na mwenzako bwenini.

Toa maelekezo kabla ya vifaa. Ukigawa vifaa kwanza, umelipoteza darasa, kwa kuwa hakuna mtoto atakayekusikiliza akiwa na unga wa kufinyanga mkononi.

Nani akae wapi, na kwa nini

Mtoto asiyesikia vizuri akae mbele, kidogo pembeni, ili aone uso wako na pia aweze kugeuka kuwaona wenzake wanapojibu. Wewe usisimame na dirisha mgongoni. Mwanga wa nyuma hugeuza uso wako kuwa kivuli na midomo haisomeki. Usiongee ukiwa umegeukia ubao. Usipige kelele wala kutafuna maneno kwa madoido, maana midomo iliyotanuliwa kupita kiasi haisomeki. Anayevaa shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia, kagua kila asubuhi: kifunike kifaa ndani ya kiganja kilichokunjwa kikiwa kimewashwa, na kwa kawaida kitapiga mluzi. Kisipolia, betri huenda imekwisha au mrija umeziba kwa nta. Ukiwa chuoni jifunze Lugha ya Alama ya Tanzania kutoka kwa kiziwi mwenyewe. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ni mahali pa kuanzia. Anza na alama zinazohitajika kila siku darasani: salamu, choo, maji, kaa, simama, ngoja, tazama, vizuri, unaumwa wapi, familia, chakula, rangi, tarakimu. Kisha uwafundishe watoto wote. Mtoto kiziwi ambaye mwalimu peke yake ndiye anayezungumza naye bado yu mpweke wakati wa mapumziko.

Mtoto mwenye ualbino karibu kila mara ana uoni hafifu pia, na jambo hili husahauliwa kwa sababu macho ya watu yote yako kwenye ngozi yake. Akae mbele, dirisha likiwa nyuma yake au pembeni, aruhusiwe kuusogelea ubao wakati wowote bila kuomba. Akisogeza kitabu hadi puani mwache, hakimuharibu macho. Nje avae kofia yenye ukingo mpana na mikono mirefu, na michezo ya uwanjani uipange kabla ya saa nne asubuhi au ihamie chini ya mti. Mafuta ya kukinga jua, kama Kilisun yaliyoanza kutengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, hupakwa tena baada ya jasho jingi au maji. Majina ya kejeli yakitajwa na yeyote, mtoto au mtu mzima, yakomeshe papo hapo.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo au ulemavu wa viungo, kaza macho kwenye namna anavyokaa. Miguu ikining'inia, mwili mzima hushughulika na kutoanguka, na mkono haupati utulivu wa kuandika. Weka boksi gumu lililojazwa karatasi chini ya nyayo mpaka magoti yakunjike kama pembe ya meza. Meza ifike usawa wa viwiko. Penseli inenepeshwe kwa kuizungushia kipande cha sponji au mpira wa baiskeli na kufungwa kwa gundi ya karatasi. Karatasi yake ibandikwe mezani kwenye kona zote nne ili isikimbie. Kwa anayetumia kitimwendo, ngazi ya mlangoni itengenezewe mteremko: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 30 kinahitaji mteremko wa mita 3 na sentimita 60. Mafundi wengi huuweka mfupi ili kuokoa saruji, na matokeo yake ni mteremko ambao mtoto hawezi kuupanda peke yake na akiteremka ataanguka.

Mtoto mwenye usonji hunufaika sana na ratiba ya picha. Chora au bandika picha za shughuli za siku kwa mpangilio kutoka juu kwenda chini: kuwasili, wimbo, hesabu, uji, kucheza nje, hadithi, kwenda nyumbani. Shughuli ikiisha, picha yake inageuzwa au inatiwa kwenye bahasha. Ratiba ikibadilika, mwoneshe kabla haijabadilika. Mtoto anayelia kengele inapogongwa hakuchokozi. Sauti ile kwake ni maumivu. Mwambie kengele inakaribia, au mtoke nje mbele kidogo ya wengine. Tenga kona tulivu yenye mkeka, aende na arudi kwa hiari yake. Kona hiyo isitumike kamwe kama adhabu, la sivyo siku ya pili ataikimbia na utakuwa umepoteza chombo chako bora.

Kifafa kitakutokea darasani bila kukutafutia muda, kwa hiyo hatua zake uzijue kama unavyolijua jina lako. Ondoa vitu vigumu karibu yake, weka kitambaa laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Atavunja meno au atakabwa. Mtikiso ukipungua mlaze ubavu ili mate yatoke. Ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, ni wa kupelekwa hospitali mara moja. Povu haliambukizi kifafa, na watoto waliotazama wanapaswa kuambiwa hivyo siku ileile, kwa sababu nyumbani huenda wamesikia vingine na kesho hakuna atakayekaa karibu na mwenzao.

Kulivunja tendo vipande vidogo

Ustadi tunaouthamini kuliko yote katika elimu maalumu ni huu, na unaweza kuumiliki kabla hujaingia darasani. Chukua tendo moja la kila siku, mathalani kunawa mikono kwenye kibuyu chirizi. Lifanye wewe mwenyewe polepole na uandike kila kinachotokea:

1. Kusogea mbele ya kibuyu chirizi.
2. Kukanyaga kijiti ili maji yatoke.
3. Kulowesha mikono yote miwili.
4. Kushika sabuni na kuisugua viganjani.
5. Kurudisha sabuni mahali pake.
6. Kusugua viganja, migongo ya mikono na katikati ya vidole.
7. Kukanyaga tena na kusuuza hadi povu liishe.
8. Kukung'uta mikono.

Kwa mtoto wa kawaida hatua nane zinatosha. Kwa mwenye ulemavu wa akili, hatua ya 6 peke yake inaweza kugawanywa tatu. Kisha amua pa kuanzia. Mara nyingi tunashauri kuanza na hatua ya mwisho: msaidie saba za kwanza, umwachie ya nane aifanye mwenyewe. Akiimudu, mwachie ya saba na ya nane, na uendelee kurudi nyuma. Faida yake ni kwamba kila mara mtoto anamaliza kazi, mikono imekuwa safi, amesifiwa. Akianza na hatua ya kwanza huachwa njiani na kumaliziwa na mtu mzima, na anachojifunza ni kungoja kumaliziwa.

Weka karatasi ya kumbukumbu: hatua nane zikishuka upande wa kushoto, tarehe zikipita juu. Kwenye kila kisanduku andika P kama amefanya peke yake, E kama ameelekezwa kwa neno au alama, O kama ameoneshwa kwanza, S kama ameshikwa mkono. Baada ya wiki mbili isome karatasi kwa mlalo. Hatua yenye S tupu mfululizo inakuambia kwamba imekuwa kubwa mno, ivunje tena. Au kifaa chenyewe ndicho kikwazo. Kijiti cha kukanyagia kikiwa juu mno kwa mguu dhaifu, hakuna mafunzo yatakayosaidia mpaka kishushwe.

Kuna hatari ya kumsaidia mtoto kupita kiasi. Mwanachuo mwenye huruma humshika mkono mtoto kwa kila herufi, na mwisho wa mwezi daftari limejaa herufi za mwanachuo. Panga tangu mwanzo namna msaada utakavyopungua: kushika mkono, kisha kifundo, kisha kiwiko, kisha kugusa bega tu.

Zoezi la chuoni: vunja matendo matano kwa namna hii, yaani kufungua kifungo cha shati, kunywa uji kwa kikombe, kwenda choo, kushika mkasi na kukata, kupanga mstari. Mpe mwenzako karatasi yako afuate neno kwa neno bila kutumia akili yake. Pale atakapokwama ndipo ulipoiruka hatua.

Mzazi, zahanati na ofisi

Mwalimu hatoi jina la ugonjwa. Anatoa alichokiona. Mwite mzazi faragha, si getini mbele ya wazazi wengine, msalimie kwa heshima ya umri wake, na uanze na jambo ambalo mtoto analiweza. Maneno yawe ya namna hii: "Shikamoo mama. Asha anapenda sana kupanga vitu, na ni mwepisi wa kusaidia wenzake. Nimeona nikimwita akiwa amenipa mgongo hageuki, mara nyingi. Nyumbani nanyi mmeliona hilo?" Kisha nyamaza umsikilize. Mara nyingi mzazi ana wasiwasi wa muda mrefu na hajapata wa kumweleza. Mzazi akikasirika usibishane. Mwachie mlango wazi na upange siku nyingine.

Usaha masikioni, macho mekundu yasiyopona na mboni yenye weupe havingoji kikao. Mtoto mwenye usaha aende zahanati wiki hiyo hiyo, kwa kuwa uvimbe wa sikio usiotibiwa huharibu usikivu, na sehemu kubwa ya hasara hiyo huzuilika. Weupe kwenye mboni unataka hospitali haraka. Kwa mengine, njia ni mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha ofisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri, ukiwa na kumbukumbu zako za safu tatu mkononi. Karatasi hizo zina uzito kuliko kusema "nahisi ana tatizo." Anayetaka kuingia kwa kina katika fani hii ajue kipo Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu.

Picha za watoto na taarifa zao haziingii kwenye makundi ya WhatsApp, hata la wanachuo wenzako, hata kwa nia ya kuomba ushauri. Eleza hali bila jina wala sura.

Wiki za mazoezi

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu darasani kwa mwenyeji wako kabla hujajua kwa nini kiko hivyo. Jifunze majina yote. Kadi za majina vifuani husaidia. Mwombe mwalimu wa darasa akuoneshe watoto anaowatilia shaka, na uwatafute wewe mwenyewe wale ambao hakuwataja. Siku ya pili au ya tatu pitia njia ya kutoka darasani hadi chooni ukijifanya huoni vizuri, kisha ukijifanya unatembelea gongo, utambue mashimo na vizingiti.

Mkufunzi atakapokuja kukutathmini, usimfiche mtoto anayesumbua wala kumpeleka darasa jingine. Mwanachuo anayeonesha jinsi anavyolirejesha darasa baada ya mtoto kulia ameonesha ualimu mwingi kuliko yule aliyeonesha watoto thelathini waliokaa kimya. Kuwa na andalio, azimio la kazi, zana na karatasi za kumbukumbu mezani kabla hajaingia.

Siku tatu kabla ya kuondoka, anza makabidhiano. Kila mtoto uliyekuwa unamfuatilia aandikiwe ukurasa mmoja: anachoweza peke yake, hatua aliyofikia na herufi yake ya mwisho kwenye karatasi, kinachomtuliza, kinachomshtua, alama anazotumia na maana yake, mlichokubaliana na mzazi na tarehe ya kurudi kliniki. Mwache mwalimu wa darasa afundishe kipindi kimoja akitumia zana zako huku wewe ukiwa bado upo, ili maswali yake yapate jibu. Ratiba ya picha usiibandue ukutani, na mifuko ya kuhesabia ibaki kabatini na hesabu yake juu.